Nani Hukagua Chumba cha Mama?

Kazi yangu ya miaka thalathini imekuwa ya mabomba, mapampu na mitungi ya presha, na mtu wa kazi hiyo hupata maradhi ya kuuliza: hiki kimekaguliwa na nani, lini, na kwa kipimo gani? Lifti ina karatasi yake ya ukaguzi. Boila ina yake. Hata mkahawa wa mtaani unaouza chapati na maharage huingiliwa na watu wa manispaa wakafungua mafriji. Lakini chumba alicholala mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, ambaye kula kwake, kukoga kwake na sitara yake vimo mikononi mwa mtu mmoja, hicho kinakaguliwa na nani?

Suala hili si la kufikirika kwetu sisi tulioko Oman. Wazee wetu waliorejea huku baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita waliokuwa nje, wengi wao wakitokea Zanzibar, sasa wamo katika miaka ya themanini. Hapa Khuwair ya Kusini ninapokaa, jua likishapoa utawaona barazani na vichochoroni wakisukumwa katika vigari na wasichana kutoka Tanzania, Kenya, Ufilipino na Bara Hindi. Mama yangu ni mmoja wao. Ana miaka 84. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na katika lugha zake mbili Kiarabu alichojifunza ukubwani kimekwenda zake. Kiswahili ndicho kilichobaki.

Dada yangu anaishi Leicester, na huu ni mwaka wake wa kumi na tano anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mimi nilisoma uhandisi Bradford, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikayaona majumba yale kwa nje tu, na maua yake mlangoni. Yeye ndiye aliyenieleza yanavyosimamiwa, na nikawa kila tukizungumza namuuliza zaidi, kwani kwa mtu wa mitambo yale ni mambo ya kuvutia kweli kweli.

Uingereza kuna chombo kinachoitwa kwa herufi tatu, CQC, yaani Tume ya Ubora wa Huduma za Matunzo. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, kikaanza kazi Aprili 2009, na mamlaka yake ni England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana vyombo vyao. Anayetaka kufungua nyumba ya wazee, au kampuni ya kupeleka wafanyakazi majumbani kwenda kuwakogesha na kuwalisha watu, lazima ajiandikishe kwanza. Kuendesha bila ya kuandikishwa ni kosa la jinai. Meneja naye huandikishwa kwa jina lake, ili siku ya lawama pasiwe na kusukumiana.

Wakaguzi wake huuliza mambo matano: je, watu wako salama? Je, huduma inawafaa kweli? Je, wanatendewa kwa huruma? Je, wanasikilizwa mahitaji yao? Je, uongozi ni mzuri? Kutokana na majibu hayo, tangu mwaka 2014 kila nyumba hupewa daraja moja kati ya manne: bora kabisa, nzuri, inayohitaji kurekebishwa, na isiyofaa. Na tangu Aprili 2015 sheria inamlazimisha mwenye nyumba alibandike daraja lake mahali watu wanapoweza kuliona. Isiyofaa hufuatiliwa, huweza kutozwa faini na kushitakiwa, na mwisho kufutiwa uandikishaji wake.

Bibi Andrea Sutcliffe, mkaguzi mkuu wa kwanza wa matunzo ya watu wazima, aliyeshika kazi hiyo kuanzia 2013 hadi 2018, aliwapa wakaguzi wake kipimo kimoja alichokiita kipimo cha mama. Mkishamaliza makaratasi yote, jiulizeni: je, pangemfaa mama yangu? Dada aliponihadithia hayo nilicheka. Sisi huona Mzungu ndiye anayempeleka mama yake kwa watu baki, na sisi ndio tunaojua thamani ya mama. Kumbe yule aliyempeleka kwa watu baki ndiye aliyelazimika kuliuliza suala hilo na kulitungia sheria.

Sasa niseme kama mhandisi. Mtungi wa presha ni mkweli. Unaujaza maji, unapandisha presha kupita ile ya kazi, unasubiri. Wa kuvuja utavuja. Hausikii kwamba mkaguzi yuko njiani ukajipaka rangi. Nyumba ya wazee husikia. Siku ya ukaguzi mashuka huwa meupe, maua huwa mapya, na mfanyakazi mkali hupangiwa likizo. Ndiyo maana wakaguzi wa CQC kwa kawaida huingia bila ya kutoa taarifa, na baadhi ya nyakati hufuatana na mtu wa kawaida ambaye yeye mwenyewe au mzazi wake aliwahi kutunzwa, kwani mtu kama huyo huona yasiyoandikwa katika fomu.

Na kwa wale waliopotewa na kauli, ambao hawawezi kuulizwa wakajibu, kuna njia nyingine iliyotengenezwa kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bradford, chuo changu. Mkaguzi huketi pembeni, kimya, na kila baada ya dakika tano huandika: mzee huyu yuko katika hali gani, ameshughulishwa na nini, na aliyemkaribia amemkaribia vipi? Hapulizi kipenga, hahoji mtu. Anaangalia tu, na dakika tano tano zikijumlishwa husema mengi.

Hata hivyo, msidhani kwamba kwa mpango huo mzuri mambo yamenyooka. Mei 2011, televisheni ya BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri katika hospitali moja karibu na Bristol, Winterbourne View, iliyokuwa ikiwahudumia watu wenye ulemavu wa akili. Wagonjwa walionekana wakipigwa, wakiburutwa, wakimwagiwa maji. Kila mgonjwa alikuwa akilipiwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Hospitali ilikuwa imeandikishwa, na ukaguzi ulikuwa umepita. Zaidi ya hayo, muuguzi mmoja mwandamizi alikuwa ameshawaarifu wakubwa wake, kisha akaiarifu CQC, na hakuna aliyemfuata kumsikiliza. Mwaka 2012 wafanyakazi sita walifungwa. Na mwaka 2024 Dk. Penny Dash, aliyetumwa na serikali kukikagua chombo chenyewe, alikuta kwamba takriban sehemu moja katika kila tano ya zile zilizo chini ya mamlaka yake haikuwahi kupewa daraja hata mara moja.

Ukisoma hayo unaweza kusema ukaguzi hauna maana. Mimi sisemi hivyo. Kila boila ina valvu ya usalama. Mkaguzi huja kwa nadra, lakini valvu ipo saa zote. Presha ikizidi hujifungua na kupiga kelele. Ukimuuliza mtu wa fani yangu kipi kinachomlinda zaidi anayelala karibu na boila, atakwambia ni valvu, na kwamba moja ya kazi kubwa za mkaguzi ni kuhakikisha hakuna mtu aliyeifunga. Katika matunzo, valvu ni yule anayemkogesha mzee. Yeye ndiye wa kwanza kuliona jeraha, ndiye anayejua chakula kimerudi bila ya kuguswa, ndiye anayesikia kilio cha saa nane za usiku. Winterbourne View valvu ililia, na masikio ndiyo yaliyokosekana.

Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mko ndani ya kazi hiyo, kwa hivyo mnajua zaidi yangu namna valvu inavyofungwa. Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa watunza wazee, na ndugu zetu wengi wakaingia, baadhi wakiwa wamewalipa mawakala fedha za kuuza shamba. Viza ile inamfunga mtu kwa mwajiri wake. Akipoteza kazi hupewa siku 60 kutafuta mwajiri mwingine mwenye kibali, la sivyo afunge mizigo. Tuseme mtu huyo ameona mzee anashikwa vibaya. Mkaguzi anaingia na kumuuliza, "Kuna tatizo lolote?" Atajibu nini, na watoto wake wanangojea ada ya skuli? Machi 2024 serikali iliamua kwamba mwajiri wa England anayetaka kuwadhamini watunzaji wa viza hiyo lazima awe ameandikishwa na CQC, na siku hiyo hiyo ikawakataza watunzaji wanaoingia kwa viza mpya kuja na familia zao. Julai 22, 2025 mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Waliokwisha kuingia wako ndani, na khofu yao wanayo.

Turudi Muscat. Oman inayo nyumba ya kuwatunza wazee wasio na jamaa, iko Rustaq, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Lakini wazee walio wengi wako majumbani kwa watoto wao, na sote tunaona fahari juu ya hilo. Tangu Januari 2024, chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023, kila Muomani aliyefika miaka 60 hupata riali 115 kwa mwezi bila ya kuulizwa ana kiasi gani. Ni jambo la kushukuru. Wauguzi wa vituo vya afya nao huwatembelea wazee wasiojiweza. Ila mtunzaji mwenyewe, wa saa ishirini na nne, ni mtumishi aliyeletwa na wakala, na katika mkataba wake kazi iliyoandikwa ni ya nyumbani.

Na hapa England na Oman zimefanana kuliko unavyodhani. Hata kule, mtu akimwajiri mtunzaji mwenyewe moja kwa moja, bila ya kampuni kuingia kati, mtunzaji huyo halazimiki kuandikishwa na CQC. Sheria husimama mlangoni. Tafauti ni kwamba kule hali hiyo ni ya wachache, na huku ndiyo karibu hali ya nyumba zote. Nyumba yako ndiyo kampuni, wewe ndiye meneja, na mkaguzi hayupo.

Nitatoa mfano bila ya kuitaja nyumba. Bibi mmoja, jamaa wa watu tunaojuana nao, alikutwa na kidonda cha kulala mgongoni kwa chini, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa, juu yake mashuka meupe yanayonukia udi. Mtumishi akatukanwa na siku ile ile akarudishwa kwa wakala. Baadaye ikajulikana kwamba alikwisha kusema mara mbili kuwa bibi anahitaji godoro la hewa, na kwamba peke yake hamuwezi kumgeuza. Alikuwa pia akipika chakula cha watu tisa na kufua nguo zao. Akaletwa mwengine, na kidonda kikaendelea pale pale. Bibi yule hakumaliza mwaka.

Mimi nilishika kalamu nikapiga hesabu. Mzee asiyejiweza hushauriwa ageuzwe kama kila baada ya saa mbili. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki, usiku na mchana. Mtu mmoja akifanya hivyo hatopata saa mbili na nusu za usingizi mfululizo maisha yake yote ndani ya nyumba ile. Kiwandani pampu muhimu tunaiwekea nyingine ya akiba pembeni, na pampu haichoki kama binadamu. Nyumba ile hata ingekaguliwa na malaika, hesabu yake isingekubali. Kosa lilikuwa katika mpango wa kazi, na aliyeadhibiwa alikuwa ni yule aliyelisema.

Sitaki mtu anione kwamba nawatetea watumishi tu. Wapo wanaowafinya wazee na kuwaibia, na wazee wetu hawana wa kumwambia. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza habari za pasi zilizoshikwa, mishahara iliyozuiliwa na kazi za kutwa kucha. Tusidhani kwamba mambo hayo ni kesi mbili mbalimbali. Anayeogopa kusema habari yake mwenyewe hatosema habari ya bibi. Ukimnyamazisha mtunzaji umemnyamazisha na mzee.

Majira ya baridi yaliyopita dada alikuja likizo, na tabia yake ya kazi akaja nayo. Aliketi chumbani kwa mama saa nzima, na saa yake mkononi, akiandika kila dakika tano. Alama kumi na mbili. Katika saba mama alikuwa peke yake akiitazama televisheni ya Kiarabu asiyoifuata tena. Wajukuu waliingia mara mbili kuchukua chaja. Tano zilizobaki zote zilikuwa za dada anayemtunza, mtu wa Tanga, aliyekuwa akimkanda mkono huku akimuuliza habari za mikarafuu ya Pemba, na mama akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tukakaa kikao cha familia. Mwanangu, kijana wa kompyuta, akasema jambo ni jepesi: tutie kamera. Dada akamgeukia mama, "Unaonaje, mama, tukutilie kamera humu?" Mama hutafuta maneno polepole. Tulisubiri. Akasema, "Nikikogeshwa, aitazame nani?" Mjadala wa kamera ukaishia hapo. Kamera huona mkono. Haioni kwa nini mkono umechoka, na sitara ya mzee huitoa nje ya chumba.

Tulichokubaliana ni haya. Usiku tunapokezana, na kila zamu ina jina la mtu, wajukuu wakiwemo. Kuna daftari la kugeuzwa, chakula, choo na dawa, ambalo kila mmoja wetu huliandika na kulisaini. Mtunzaji ana siku yake ya Ijumaa, na simu na pasi yake anavyo yeye. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, anayo namba ya dada Leicester na ruhusa ya kumpigia wakati wowote bila ya kutupitia sisi. Dada hamlipi mshahara, hakai naye nyumba moja, na mambo ya matunzo anayajua. Hiyo ndiyo valvu tuliyoiweka.

Mwezi wa tatu ililia. Mimi nilikuwa safarini Sohar. Duka moja la dawa lilikuwa limetoa vidonge vya presha katika pakiti ileile, ila ndani ni vya miligramu kumi badala ya tano. Mtunzaji hasomi Kiingereza, lakini aliona kidonge kimebadilika umbo. Akampiga picha dada usiku ule, dada akamwambia asimpe. Hakuna mkaguzi duniani ambaye angekuwemo chumbani saa ile.

Zanzibar nako suala ni lile lile kwa sura nyingine. Sebuleni na Welezo, na Limbani kule Pemba, kuna makao ya wazee yanayotunzwa na serikali, na tangu Aprili 2016 kila mkaazi wa miaka 70 na kuendelea anayetimiza masharti ana pencheni, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Nchi ndogo imefanya jambo kubwa. Lakini pale mwenye makao na msimamizi wa matunzo ni serikali hiyo hiyo, na katika soko lolote mtu hataki mwenye duka awe ndiye mpima mizani. Wageni tunaokwenda siku ya Idi na mchele na kanga tupige picha chache, tukae na mzee mmoja saa nzima, tumuulize na anayemtunza.

Kwa upande wa Oman, ninayo maombi mawili kwa wenye mamlaka, na wizara haiko mbali, ni kuvuka barabara kuu tu kwenda upande wa bahari. Wakala anayeleta mtu wa kumtunza mzee aandikishwe kwa kazi hiyo, na anayeletwa awe amefundishwa namna ya kumgeuza, kumlisha na kumkogesha mtu. Na muuguzi anayekuja kumpima mzee presha apewe amri ya kuzungumza na mtunzaji dakika tano, peke yao, mlango umefungwa. Haihitaji jengo jipya wala tume. Inahitaji dakika tano na swali moja: unalala saa ngapi?

Nanyi mlio mbali, mnaotuma fedha kila mwezi na kuuliza kama zimefika, mkipiga simu nyumbani msikomee kwa kaka au shemeji. Ombeni simu apewe anayemtunza mama. Msalimieni kwa jina lake. Muulizeni mama amekula nini leo, na yeye mwenyewe amekula saa ngapi. Mara ya kwanza atajibu, "Salama tu, hakuna tabu." Mpigieni tena wiki ijayo.